Mtoto wa Benita na Neno la Mwingereza

12 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na njia yetu ya mtaa wa Bel-Air imegeuka mto. Nimefika mjini viatu vikiwa mkononi. Aliyeniita ni Bwana Prewett, mjumbe wa Waingereza hapa Lubumbashi. Nimekwisha kumtafsiria kwenye mikutano na hotuba, kazi isiyochosha. Safari hii ni mambo ya watu.

Kuna Mwingereza mwenzake, Neil, injinia wa mgodi. Alioa msichana wa huku, Benita, na wana binti wa miaka minne, Abigaël. Mwezi uliopita Benita alimchukua mtoto akakimbilia kwa mjomba wake, Sultani Lombe, mbele ya Kasomeno, upande wa Lukafu. Sultani amekataa kumtoa. Neil anataka polisi waende. Prewett hataki: anasema polisi wakiingia kwa Sultani patamwagika damu. Anataka kwenda kuongea mwenyewe, na anahitaji mtu wa kumtolea maneno yake kwa Kiswahili.

Neil alikuwepo. Alijaribu kunionyesha picha za mtoto kwenye simu, akashindwa, akageukia dirisha na kulia bila sauti. Sijawahi kuona mwanamume wa kizungu akilia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu David kwamba huyo Benita hana huruma.

13 Novemba

Nimenunua buti za mpira.

16 Novemba

Tumetoka alfajiri. Lami iliisha mapema kuliko nilivyokumbuka. Baada ya Kasomeno gari lilizama mara kwa mara, na kila mahali vijana walitokea na majembe kutusukuma. Prewett alishuka kila mara kusukuma pamoja nao, suruali ikajaa tope hadi magotini. Nilianza kumpenda hapo.

Kwa Sultani Lombe watu huitwa Barabu, yaani Waarabu, ingawa ni weusi kama mimi. Babu wa babu yake alitoka pwani akifuata pembe za ndovu, akaoa huku, hakurudi. Sultani alitupokea akiwa na kanzu nyeupe na kofia, ameketi ndani ya nyumba ya matofali, na redio ya sola pembeni. Ni mzee mwenye sauti ndogo. Nilitarajia mkali, nikamkuta mpole, na upole wake ulinisumbua zaidi.

Prewett alieleza kwamba mtoto ni raia wa Uingereza, na sheria inampa baba haki sawa na mama. Nilitafsiri neno kwa neno. Sultani alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mutoto ya dada yangu iko wangu. Mutoto ya Benita iko wangu tena. Huyu muzungu alikuya, akaomba kuoa, hatukukatala. Sasa anatuma mukubwa wake. Yeye mwenyewe iko wapi?"

Prewett akasema Neil angekuja, ila alihofia hasira zingeharibu mazungumzo.

"Mwambie muntu mwenye hasira anaweza kukuya. Mwenye kukosa haya ndiye hawezi."

Hilo la mwisho nililipunguza makali. Nilisema Sultani angefurahi kumwona baba wa mtoto. Nilifikiri nimefanya vizuri.

17 Novemba

Tumelala huko kwa sababu ya mvua. Asubuhi nilimkuta Benita jikoni akiosha bowa, uyoga mkubwa wa msimu huu, na mtoto amekaa kwenye beseni tupu akijifanya anaendesha gari. Abigaël ana nywele za rangi ya mchanga na anaongea Kiswahili cha hapa haraka kama mchuuzi. Akaniuliza nimeleta nini. Nilikuwa sijaleta kitu.

"Yaya Régine," Benita akaniambia, akiniita dada mkubwa kama huku tusemavyo, "unajua hakunipiga hata siku moja? Njo maana bantu habanisikie. Kama angenipiga, bote bangesema nikimbie."

Nikamuuliza basi alikimbia nini.

"Kontra yake ya kazi inaisha mwezi ya sita. Nilimusikia anaongea na mama yake ku telefoni. Kingereza ninasikia kidogo tu, siye nyumbani tulikuwa tunaongea Kifaransa na Kiswahili. Alitaja masomo, akataja Abi, akataja mwezi ya tisa. Miye hakunitaja."

Nilimwambia kwamba mtu akiongea na mama yake hataji kila kitu. Alinitazama, akaendelea kuosha uyoga wake. Nilimwona kama mtu anayejitisha mwenyewe. Nilimtazama na yule mtoto, miguu mitupu, tope hadi kwenye nyusi, nikafikiria shule ya masista niliyosomea mimi, na dawati langu karibu na dirisha.

24 Novemba

Mvua. Umeme hakuna tangu jana.

30 Novemba

Safari ya pili. Neil alikuja nasi. Abigaël alipomwona alimkimbilia akapiga kelele "Papa", akaning'inia shingoni mwake hadi wakati wa chakula. Wanawake wote wa uani waliacha kazi wakawatazama. Hata Benita aligeuza uso, na niliona kwamba alikuwa anatabasamu bila kupenda.

Tulikula bukari, ugali wa huku, na samaki wa Luapula. Kisha Sultani alimwomba Prewett akae karibu, akasimulia habari ya babu yake. Naiandika kama nilivyoitafsiri.

Enzi hizo Waingereza walikuwa ng'ambo ya mto Luapula na Wabelgiji upande huu. Babu yake alikuwa na mdogo wake, Musudi, aliyeishi ng'ambo. Musudi alimpiga mkusanya kodi, akavuka mto usiku, akajificha kwa kaka yake. Ofisa wa Kiingereza akaja kwa mtumbwi, na bendera, na zawadi ya kitambaa na bunduki moja. Hakuja kwa vita. Alikaa siku kadhaa, akala, akacheka na watoto. Alisema Musudi atafungwa muda mfupi kwenye boma la ng'ambo, hapo hapo mtoni, ndugu zake watampelekea chakula, kisha atarudi. Babu akamtoa mdogo wake. Mwezi wa kwanza walimpelekea chakula. Mwezi wa pili walikuta ofisa amehamishwa na mwingine amekuja, asiyejua ahadi yoyote. Musudi alikuwa amepelekwa kusini na wafungwa wengine. Hakuna aliyemwona tena.

"Ule Mungereza hakukuwa muongo," Sultani akasema. "Nkambo yangu, ule babu, alikuwa anasema vile mpaka kufa kwake. Hakukuwa muongo. Alisema kintu yenye alikuwa anawaza ni kweli."

 Prewett akasema anasikitika sana kwa yaliyompata Musudi. Neil alikuwa anatazama saa yake. Nilimwona, nikajiambia ni uchovu wa njia.

5 Desemba

Prewett amenipigia simu kuniuliza neno la kuomba radhi kwa kosa la wazee wako. Nikamwambia hatuna neno moja la hivyo, unasema tu. Ni mtu mwema. Nimemwambia David hivyo, akajibu kwamba wema wake haumhusu Sultani, kinachomhusu ni cheo chake. Tuligombana kidogo.

14 Desemba

Leo wamekubaliana, na ninaandika nikiwa bado na furaha, ingawa mwili unaniuma kwa barabara.

Masharti ni haya. Abigaël anarudi Lubumbashi na kuanza shule mwezi wa kwanza. Siku za masomo analala kwa baba yake, mwisho wa juma analala kwa mama yake, ambaye Neil atampangia nyumba mtaa huo huo. Pasipoti ya mtoto inakaa kwa Prewett. Hakuna anayemtoa mtoto nje ya nchi bila Sultani kujua na kukubali. Neil alisema ndiyo kwa kila sharti, upesi, bila kuuliza chochote. Prewett ndiye aliyeuliza maswali.

Lakini Sultani hakutaka neno la Neil. Alimgeukia Prewett.

"Huyu ni mukwe wangu, neno yake ninaijua. Ninataka yako."

"Nakupa neno langu," Prewett akasema, na mimi nikasema.

"Yako, ao ya serikali yako?"

Prewett aliinamisha kichwa kidogo. Akajibu kwamba ni lake yeye, na kwamba hapa Katanga yeye ndiye anayesema kwa niaba ya serikali yake. Nilitafsiri. Sultani hakumtazama tena. Akanitazama mimi.

"Mama Régine, weye unafanya kazi na babo. Unabajua. Neno ya huyu muntu inasimama?"

Mtafsiri haulizwi. Akiulizwa, anapaswa kumgeukia anayemtafsiria na kumwambia: ameuliza hivi. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini ua mzima ulikuwa unanisubiri, na Benita alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, na nilimkumbuka Prewett kwenye tope akisukuma gari. Nikasema:

"Inasimama, Sultani."

Prewett akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia ameuliza habari za barabara.

Sultani akampa mkono. Wanawake walipiga vigelegele, si kwa nguvu.

15 Desemba

Tumewaleta mjini. Kabla ya kupanda gari Benita alinivuta pembeni.

"Yaya, kama ungekuwa miye, ungemupeleka?"

"Ningempeleka," nikasema.

Abigaël alilala mapajani mwangu kuanzia Kasomeno hadi Lubumbashi.

25 Desemba

Krismasi. Benita alikuja na mtoto baada ya misa. Abi alivunja sahani. Tumecheka.

11 Januari

Mambo yanakwenda. Nyumba ya Benita ni ndogo lakini ina kisima. Shuleni mtoto amejifunza wimbo wa Kifaransa anaouimba bila kupumua. Prewett amenitumia ujumbe: "Tumefanya kitu kizuri, Régine." Niliusoma mara nyingi kuliko ilivyofaa.

19 Januari

Mvua usiku na mchana. Paa linavuja juu ya kabati.

21 Januari

Wameondoka.

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio. Ijumaa jioni Benita alikwenda kumchukua mtoto kama kawaida. Mlinzi alimwambia bwana na mtoto wametoka tangu Alhamisi. Benita alifikiri wamekwenda shambani kwa rafiki. Jumamosi alipiga simu, haikuita. Jumapili alikuja kwangu na mvua, hana mwavuli, nikampa kitenge kikavu, nikamwambia asubiri, kila kitu kina maelezo. Jumatatu tulikwenda kwa Prewett pamoja.

Prewett alifungua kabati lake la chuma mbele yetu. Pasipoti ilikuwepo. Aliishika juu kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba. Kwa dakika nzima tulifurahi, sisi watatu wajinga.

Leo amepata habari. Neil alikuwa ameomba pasipoti nyingine akisema ya kwanza imepotea. Aliiomba mwezi wa kumi na moja, kabla hata hatujakubaliana chochote. Wakati anasema ndiyo kwa Sultani, upesi, bila maswali, pasipoti ya pili ilikuwa njiani. Walivuka mpaka wa Kasumbalesa kwa gari, na kutoka Zambia wakapanda ndege. Mtoto yuko kwa bibi yake Uingereza.

Prewett alinieleza hayo kwa Kiingereza, uso mweupe kama chokaa. Nilipaswa kumgeukia Benita na kumwambia. Nilifungua kinywa, Kiswahili hakikuja. Benita aliangalia midomo yangu.

"Leka, acha," akasema. "Nimesikia."

Hakulia. Aliuliza tu kama kule ni baridi wakati huu. Prewett akasema ndiyo, baridi sana. Benita akasema sweta ya Abi iko kwake, aliifua.

22 Januari

Sikutoka kitandani.

2 Februari

Prewett ameandika kwa wakubwa wake, akaandika tena. Jibu ni kwamba baba hakuvunja sheria ya kwao, kwa sababu makubaliano ya kwa Sultani si ya mahakama yoyote. Mama anaweza kufungua kesi kule. Prewett amempata wakili wa hisani, na viza imeombwa. Viza imekataliwa. Anasema ataomba tena.

Aliniuliza leo kama nadhani Sultani atamchukia. Nikamwambia Sultani atasema wewe si mwongo. Nilitaka limuume, na liliingia.

9 Februari

Nimekwenda mwenyewe. Prewett alitaka kuja, lakini ameitwa kwao kutoa maelezo, na nadhani hatarudi. Nilipanda lori la mahindi hadi Kasomeno, kisha pikipiki. Dereva aliniuliza nakwenda kufanya nini kwa Barabu na mvua hii. Nikasema kupeleka habari.

Sultani alikuwa na homa, amejifunika blanketi. Nilipiga magoti, nikamwambia yote: pasipoti mbili, mpaka, ndege, viza. Kisha nikamwambia ambalo sikutumwa kusema, kwamba siku ile nilipojibu "inasimama" nilijibu kwa moyo wangu tu, sikumuuliza mtu, na Prewett hajui mpaka leo kwamba aliulizwa.

Alivuta blanketi hadi mabegani. Nilisikia wanawake wanatwanga nje.

"Kama ungemuuliza," akasema mwishoni, "angejibu nini?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu safi.

"Angesema inasimama, Sultani. Lakini angeanza kuwaza. Pengine angeandika kwa wakubwa wake kwanza. Pengine angejua juu ya ile pasipoti."

"Pengine."

"Ndiyo."

"Miye nilikuuliza weye sababu uko mama," akasema. "Sikukuuliza sababu unajua Kizungu."

Ningependa angenifukuza. Aliagiza niletewe chakula, akasema nisirudi na pikipiki kabla mvua haijakatika. Nilikula kila kitu nilichopewa, kwa sababu sikuona namna nyingine ya kumheshimu.

20 Februari

David hajasema "nilikuambia". Anaosha vyombo kila jioni.

8 Machi

Nimekataa kazi mbili. Mtu akiniuliza naumwa nini nasema mgongo.

16 Machi

Benita amekuja. Amehama ile nyumba, ambayo hailipiwi tena, na anauza vitenge pamoja na rafiki yake karibu na soko. Wakili amefanikiwa katika kitu kimoja: Neil amekubali mtoto azungumze na mama yake kwa simu, Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Wamekwisha kuongea mara tatu. Mara ya kwanza Abi alilia na kumwita. Mara ya pili alichanganya lugha. Mara ya tatu alijibu Kiingereza kitupu, na Benita hakushika hata nusu.

"Akili yake inasikia Kiswahili bado," akasema, "lakini kinywa inakatala. Miye nikimuuliza, ananyamaza, ao anajibu ile yao." Alikunja leso yake, akaikunjua. "Ninaomba uniongeleshe naye."

Nikamwambia wapo wengine mjini, vijana wazuri wenye diploma. Nikamwambia sistahili hata kutazamwa naye.

"Najua, yaya. Lakini weye unamujua Abi. Alilala ku mapaja yako."

23 Machi

Mtandao ulikataa.

30 Machi

Mtandao ulikataa. Tulisubiri hadi simu ikaisha chaji. Benita alinisaidia kuchambua maharagwe, tukaongea habari za bei ya vitenge.

6 Aprili

Mvua zinapungua. Leo simu imeshika, picha ikaganda mwanzoni kabisa, ikabaki sauti tu. Tuliiweka mezani katikati yetu.

Nilimwambia Abi kwa Kiingereza kwamba mimi ni yaya Régine na nitasema maneno ya mama yake. Kazi yetu ina desturi yake: husemi "mama anasema amekukumbuka". Unasema "nimekukumbuka". Unakuwa kinywa cha mtu. Nimefanya hivyo miaka yote bila kufikiri.

"Mwambie ninamuwaza kila siku," Benita akasema.

"Ninakuwaza kila siku," nikamwambia mtoto kwa lugha yake.

Abi alisimulia habari za mbwa wa bibi. Alisimulia jino la mwenzake lililong'oka. Nilikuwa napeleka na kurudisha, na Benita alikuwa anacheka mahali pa kucheka, nyuma kidogo ya mtoto, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Kisha Abi akauliza kwa nini hukutaka kuja na sisi, Papa alisema hukutaka.

Hilo sikulitafsiri. Benita akanishika mkono wa nguo.

"Semea yote."

Nikamwambia. Alivuta pumzi, akaangalia meza.

"Mwambie nilitaka. Mwambie sikujua kama munaenda. Usimuseme papa yake mubaya."

Nikasema kwa Kiingereza: nilitaka, mwanangu. Sikujua kwamba mnaondoka. Sauti yangu ilitetemeka, na haikuwa kazi yake kutetemeka. Upande wa pili nikasikia mtoto anapumua. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyetulia, kwamba basi sawa, anakupenda, kwaheri mama. Akalitamka jina hilo la mama kwa kuijibu sauti aliyoisikia, yaani yangu. Mstari ukakatika.

Benita hakuondoa macho yake usoni mwangu.

"Amesema nini?"

"Amesema anakupenda. Amesema kwaheri mama."

"Alikuwa anaambia weye ao miye?"

"Weye," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Akachukua simu yake, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaniuliza kama Jumapili ijayo nitakuwa nyumbani. Nikamwambia nitakuwepo.